Uzi: Nilinakili nukuu kwa miaka tisa, kisha nikagundua kwamba moja tu ndiyo iliyokuwa yangu

1. Daftari Kuukuu (mwanzisha uzi)

Habari za wakati huu, wanajamvi.

Nimekuwa nikinakili nukuu tangu nilipoanza kusoma vitabu kwa hiari yangu, yaani vile ambavyo hakuna mwalimu aliyenilazimisha kuvisoma. Kwa miaka tisa nilikuwa na daftari moja nene lenye jalada gumu, na kila nilipokutana na sentensi iliyonisimamisha niliiandika humo kwa mwandiko wangu bora kabisa, nikaizungushia alama za mtajo, nikaweka jina la mwenye maneno chini yake upande wa kulia, kisha nikaendelea na kitabu nikijiona nimeongeza kitu katika hazina yangu. Mwezi uliopita nililifungua daftari hilo na kulisoma lote kwa mkupuo mmoja, kuanzia jalada hadi jalada. Nilihesabu nukuu 412.

Kilichonishtua ni kwamba sikukumbuka sababu ya kuandika karibu zote. Maneno yalikuwa mazuri, hilo silikatai, lakini yalinitazama kama watu waliopigwa picha katika harusi ya mtu nisiyemjua. Kulikuwa na nukuu kumi na saba kuhusu subira peke yake, na kadhaa kati yake zilipingana waziwazi bila mimi kuliona hilo wakati wa kuziandika. Nilikuwa nimekubaliana na kila mtu.

Moja tu ilinifanya nilifunge daftari na kukaa kimya. Ilikuwa methali tunayoijua sote tangu utotoni, "Baada ya dhiki faraja", ambayo imechakaa kwa matumizi hata mtu huona haya kuinakili. Tofauti yake na zile nyingine ilikuwa mistari michache niliyoiandika chini yake kwa kalamu iliyokuwa ikiishiwa wino: "Saa tisa usiku, nje ya chumba cha upasuaji. Muuguzi amepita mara mbili bila kunitazama. Siiamini methali hii, lakini naiandika ili mkono uwe na kazi." Nilipoisoma nilirudi kwenye benchi lile lile, nikasikia hata mlio wa taa iliyokuwa ikipepesa juu ya mlango.

Tangu siku hiyo nina hoja moja ambayo ningependa tuijadili. Naona kwamba nukuu haimfai anayeinakili mpaka aandike pia ilimkuta wapi, akiwa katika hali gani, na kama anakubaliana nayo au la. Nimeanza daftari jipya kwa kanuni hiyo: kila nukuu ina tarehe, mahali, ukurasa ilikotoka na angalau sentensi mbili za kwangu mwenyewe, na nisipokuwa na la kusema juu yake siinakili, hata ikiwa tamu namna gani. Katika wiki sita nimeandika nukuu kumi na moja.

Ningependa kusikia kwenu mnazipata wapi nukuu zinazowasukuma, mnazihifadhi vipi, na kama kuna aliyewahi kuona nukuu ikigeuza kweli jambo lolote katika maisha yake ya kila siku. Karibuni.

2. Penseli Butu

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa kuanza na daftari badala ya kuanza na orodha, kwa maana nyuzi za aina hii kwa kawaida huishia kila mtu kubandika maneno anayoyapenda na kwenda zake.

Mimi husoma nikiwa na penseli, wala sinakili kitu siku ile ile. Sentensi ikinigusa naweka mstari mwembamba wima pembeni mwa ukurasa, kisha naendelea hadi mwisho wa sura, kwa sababu nimekwisha kuona mara nyingi kwamba sentensi niliyoidhani kuwa kilele cha hoja ilikuwa ngazi tu, na mwandishi mwenyewe akaipinga kurasa tatu mbele. Baada ya siku saba nachukua daftari kitabu kikiwa kimefungwa, nikaandika kwa kumbukumbu yale niliyoyawekea mstari. Yasiyorudi kichwani nayaacha yaende. Ndipo ninapokifungua kitabu na kulinganisha.

Utaratibu huu una ushahidi wa kitafiti. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha majaribio ambamo wanafunzi walisoma vifungu vifupi, kisha baadhi wakavisoma tena na wengine wakajaribu kuvikumbuka bila kuvitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, lakini baada ya wiki moja waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa wamebaki na mengi zaidi. Kunakili huku umekodolea kitabu macho kunafanana mno na kurudia kusoma: mkono unatembea, macho yanatembea, na kichwa kinaweza kuwa kimelala.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia, nayo ni makosa. Mwaka jana niliandika kwa kumbukumbu sentensi ya mwandishi mmoja kuhusu kusamehe, nikaandika kwa uhakika wote kwamba anayesamehe "lazima" apate amani. Nilipofungua kitabu nilikuta ameandika "huenda". Nilikaa na neno hilo jioni nzima, kwa kuwa lile "lazima" halikuwa la mwandishi bali langu. Nilikuwa nimemsamehe mtu na nilikuwa nangoja malipo. Katika daftari nimeyaacha yote mawili, na la kwangu nimelikata kwa mstari mmoja tu ili bado lisomeke.

3. Mbishi wa Hoja

Naomba kutofautiana nanyi kwa heshima.

Mnajadili namna bora ya kutunza maneno ya watu wengine, lakini hakuna aliyeuliza kwa nini tuyatunze. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya kwanza, alimwandikia rafiki yake Lucilius mfululizo wa barua, na katika zile za mwanzo alikuwa na desturi ya kufunga barua kwa msemo wa kuazima, mara nyingi wa Epicurus, ambaye hata hakuwa wa shule yake ya falsafa. Rafiki yake alipozoea zawadi hizo na kutaka ziendelee, Seneca alikataa. Katika barua ya 33 anasema kwamba ni aibu kwa mtu aliyekaribia uzee kuwa na hekima ya kutoka daftarini, na anamhimiza aseme neno lake mwenyewe badala ya kukariri kwamba fulani alisema hivi na fulani alisema vile.

Nimefanya kazi na watu ambao kila kikao hukifungua kwa nukuu. Sijawahi kumsikia hata mmoja wao akiulizwa swali gumu baada ya nukuu hiyo, kwa sababu nukuu hufunga mjadala. Nani atabishana na marehemu mwenye heshima? Mtu anayetaka kukata shauri zito hupekua daftari hadi apate mkubwa anayekubaliana naye, kisha huita jambo hilo msukumo. Kwa maoni yangu hicho ni kibali tu alichojiandikia mwenyewe na kumwekea mwingine saini.

4. Daftari Kuukuu (mwanzisha uzi)

Ndugu Mbishi, bandiko lako ndilo lililonifanya nifurahi kwamba niliufungua uzi huu.

Nakubaliana nawe kuhusu kibali. Daftari langu la kwanza lilikuwa na vibali vingi, vikiwemo vya kuacha kazi na vya kubaki kazini, vyote kutoka mwaka mmoja. Hata hivyo Seneca huyo huyo, katika barua ya 84, anatuambia tuwaige nyuki, ambao hutembelea maua mengi na kukusanya, kisha hukigeuza walichokusanya kuwa kitu kingine chenye ladha yake. Anakwenda mbali zaidi na kufananisha na chakula, kwamba kisipoyeyushwa tumboni kinabaki kuwa mzigo. Kwa hiyo sioni kama aliwakataza watu kukusanya. Alichokataza ni kuyabeba maua mabichi na kuyaita asali. Zile sentensi mbili ninazojilazimisha kuandika chini ya kila nukuu ndilo jaribio langu la kuyeyusha, na zinaponishinda najua kwamba ua hilo si langu.

Kuna mtu mwingine ninayemkumbuka kila suala hili linapozuka, naye ni Montaigne, Mfaransa wa karne ya 16, aliyekuwa na maktaba ndani ya mnara wa nyumba yake na akaandikisha nukuu za Kigiriki na Kilatini kwenye boriti za dari, zaidi ya hamsini, ili azione akiinua macho. Jambo linalonivutia kuliko idadi ni kwamba baadhi ziliandikwa juu ya nyingine za awali. Alikuwa tayari kuifuta nukuu iliyomaliza kazi yake. Mimi kwa miaka tisa sikuwahi kufuta hata moja.

5. Kalamu Mbili

Nawasalimu nyote. Mimi sina daftari. Nina picha za skrini zaidi ya mia tisa kwenye simu, nyingi zikiwa maneno yaliyoandikwa juu ya picha ya machweo au ya mtu aliyesimama kileleni mwa mlima, na jina la mtu mashuhuri pembeni. Nikiwa na huzuni huwa nazipitia kwa kidole, na kwa dakika chache najisikia vizuri. Je, hilo nalo ni jambo baya? Nauliza kwa nia njema, kwa sababu naona hapa mmekuwa wakali kidogo.

6. Chanzo Kwanza

Ndugu Kalamu Mbili, kujisikia vizuri si jambo baya hata kidogo, ila ningekushauri uyatilie shaka yale majina ya pembeni.

Chukua ule msemo maarufu wa mtu anayesema hakubaliani na maneno yako lakini atatetea hadi kufa haki yako ya kuyasema. Karibu kila mahali umewekewa jina la Voltaire, mwandishi Mfaransa. Voltaire alifariki mwaka 1778, na maneno hayo yaliandikwa na Evelyn Beatrice Hall, mwandishi wa Uingereza, mwaka 1906, alipokuwa akieleza mtazamo wa Voltaire kwa lugha yake mwenyewe. Kwa kuwa aliyaweka ndani ya alama za mtajo, wasomaji wakadhani ananukuu. Chukua pia kile kifungu kuhusu hofu yetu kubwa kuliko zote, kinachodaiwa kuwa sehemu ya hotuba ya Nelson Mandela alipoapishwa mwaka 1994. Hakimo katika hotuba hiyo. Kiliandikwa na Marianne Williamson wa Marekani katika kitabu alichokitoa mwaka 1992.

Mtu anaweza kuuliza hilo linamdhuru nini msomaji ikiwa maneno yenyewe ni mazuri. Mimi naona linadhuru kwa namna moja kubwa. Tukiamini kwamba kifungu hicho kimetoka kinywani mwa mtu aliyekaa gerezani miaka 27, tunakipa uzito wa miaka hiyo 27, na kifungu kinapata nguvu ambayo hakikuitolea jasho. Ondoa jina, kisome tena, uone kimebaki na nini. Nimefanya hivyo kwa nukuu zangu nyingi, na nyingine zimesimama imara kuliko nilivyotarajia, huku nyingine zikianguka papo hapo.

Kanuni yangu ni kwamba siandiki nukuu ambayo sijaisoma ikiwa na aya inayoitangulia na aya inayoifuata. Huchukua muda, na ndiyo maana nina chache. Kwa sisi tunaosoma kwa Kiswahili kuna jambo moja la ziada, nalo ni mfasiri. Ukimnukuu Shakespeare kwa Kiswahili kupitia tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia kuhusu Kaizari, unamnukuu Nyerere pia, na yeye mwenyewe aliirekebisha tafsiri yake ya 1963 na kuitoa upya mwaka 1969, kwa hiyo hata toleo ni muhimu kulitaja. Andika jina la mfasiri. Amefanya kazi ya kuchagua kila neno unalolipenda.

7. Mbishi wa Hoja

Nimerudi, na safari hii nimelainika kidogo, ila bado sijajisalimisha.

Ndugu Chanzo Kwanza amegusia nguvu ya jina. Mimi nataka niongeze nguvu ya mlio. Mwaka 2000 Matthew McGlone na Jessica Tofighbakhsh walichapisha utafiti uliowapa watu misemo yenye vina pamoja na misemo ile ile iliyobadilishwa neno moja au mawili ili vina vipotee huku maana ikibaki. Wasomaji waliihesabu yenye vina kuwa ya kweli zaidi. Walipotahadharishwa wautenge uzuri wa lugha na ukweli wa dai, tofauti hiyo ilipungua.

Sasa tutazame lugha yetu, ambayo imejaa vina kuliko nyingi. "Haraka haraka haina baraka" inaingia masikioni kana kwamba imetoka mbinguni. Jaribu kusema "Kufanya mambo upesi hakuleti heri" uone kama kuna mtu atageuka. Wakati huo huo tuna "Ngoja ngoja huumiza matumbo", nayo tunaitamka kwa uhakika ule ule. Mtu mvivu atachukua ya kwanza, mtu asiyetulia atachukua ya pili, na wote wawili watalala usingizi mnono wakijua kwamba wahenga wako upande wao.

8. Penseli Butu

Ndugu Mbishi, kwangu kupingana huko ndiko kunakozipa methali uhai. Methali haikutungwa iwe sheria ya kila siku. Ni neno linalongoja siku yake, na kazi ya msikilizaji ni kujua leo ni siku ya ipi. Ndiyo maana nimeanza kuandika methali mbilimbili katika daftari, kila moja na mpinzani wake upande wa pili wa ukurasa. Ninapokuwa na uamuzi wa kufanya nasoma pande zote mbili kwa sauti na kuangalia ni upande upi ninaousoma haraka ili niumalize. Kwa kawaida huo ndio ninaoukimbia.

9. Safu na Irabu

Ninaomba nitie neno kuhusu jambo ambalo wengi hulidharau: namna ya kuipata nukuu uliyoiandika. Daftari la nukuu lisilo na faharasa ni kisima kisicho na kamba.

Mwaka 1686 mwanafalsafa Mwingereza John Locke alichapisha kwa Kifaransa njia yake ya kupanga madaftari ya aina hii, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka 1706, miaka miwili baada ya kifo chake. Njia yenyewe ni nyepesi. Kila nukuu unaipa neno moja la kichwa. Mwanzoni mwa daftari unachora jedwali lenye herufi, na kila herufi unaigawia irabu tano. Unachukua herufi ya kwanza ya neno lako pamoja na irabu ya kwanza inayoifuata, na katika kisanduku hicho unaandika namba ya ukurasa. Neno "subira" linakwenda kwenye S-u, "hofu" kwenye H-o, "kazi" kwenye K-a. Huhitaji kujua mapema utaandika nini, na daftari linajipanga lenyewe kadiri unavyosoma.

Nilipojaribu kuitumia kwa Kiswahili nilikwama mara mbili, na nasimulia ili asiwepo mwingine atakayepoteza daftari zima kama nilivyopoteza mimi. Kwanza, Locke aliziacha herufi K, Y na W, akisema kwamba C, I na U zinatosha mahali pake, na jedwali lake likawa na herufi 20 na visanduku 100. Kwetu sisi kuondoa K ni kuondoa kazi, kifo, kusudi na kicheko kwa mpigo mmoja, kwa hiyo nilizirudisha zote tatu na badala yake nikazitoa Q na X. Pili, na hili ndilo lililonitoa jasho, maneno yetu mengi ya mambo ya moyoni huanza kwa U: upendo, ukweli, uhuru, uvumilivu, urafiki, ujasiri, umaskini. Baada ya miezi miwili kisanduku cha U-e kilikuwa kimebeba upendo na ukweli pamoja, kikajaa namba hadi pembeni, huku safu ya D ikiwa tupu kama uwanja wa mpira siku ya mvua.

Suluhisho likawa kuivua ile U ya mwanzo. Upendo nauweka kwenye P-e, ukweli kwenye K-e, uhuru kwenye H-u, uvumilivu kwenye V-u. Jambo dogo la kiufundi, lakini lilikuja na zawadi. Nilipouvua upendo ile U nilibaki na "pendo", hatua moja tu kutoka kitenzi "penda", na nikajikuta naiuliza kila nukuu ninayoiweka hapo inanitaka nifanye nini. Nyingi hazikuwa na jibu.

10. Mama wa Wawili

Nimekuwa msomaji wa kimya wa uzi huu, na sikuwa na nia ya kuandika kwa sababu sina muda wa kusoma vitabu vingi kama ninyi. Nukuu zangu hazitoki vitabuni.

Mtoto wangu mdogo alikuwa akijifunza kufunga kamba za viatu. Alikaa sakafuni karibu nusu saa, akitengeneza kile kitanzi cha kwanza, akikizungushia kamba ya pili, kisha kila kitu kikifumuka alipovuta. Nilimwambia kwa upole, "Leo umeshindwa, mwanangu, tutajaribu kesho." Aliniangalia kana kwamba nimemtukana, akasema, "Sijashindwa, nimechoka tu." Kisha akaviacha viatu pale pale akaenda kulala.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuandika barua ya kujitoa katika mafunzo ya jioni niliyokuwa nikiyasoma kwa mwaka wa pili. Barua ilikuwa imekamilika, imebaki kutumwa. Ndani yake nilikuwa nimeandika kwamba nimeshindwa kuendelea. Niliichukua simu nikayaandika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, bila kuyapamba, na chini yake nikaandika tarehe na neno moja: "viatu". Sikuituma barua usiku ule. Niliomba mapumziko ya muhula mmoja, nikapewa. Sijui bado kama nitamaliza, kwa hiyo sitaki mtu anipongeze.

Ninachoweza kuwashauri wenzangu wanaotaka kukusanya maneno ya kila siku ni kwamba wayaandike papo hapo na wayaache yalivyo. Mara mbili nimejaribu kuyanyoosha maneno niliyoyasikia ili yapendeze kama ya kitabuni, na mara zote mbili yalikufa. Pia niliona kwamba ukiwa na mazoea ya kuandika wanayosema watu unaanza kuwasikiliza tofauti, hata katika foleni, hata wanapogombana, kwa sababu hujui ni nani atakayesema.

11. Mbishi wa Hoja

Dada yangu, hiyo ya viatu siibishii.

12. Kalamu Mbili

Wakubwa zangu, nimefanya mnavyosema. Jumamosi nilikaa na simu na kuzipitia picha zote moja baada ya nyingine, nikijiuliza maswali mawili tu: ningeyajali maneno haya kama yasingekuwa na jina, na nakumbuka nilikuwa wapi nilipoyahifadhi? Zimebaki 31. Nilidhani ningejisikia nimepoteza kitu, lakini nilijisikia kama mtu aliyefagia chumba.

Hata hivyo nina shida moja. Kati ya hizo 31, karibu 20 zinahusu kumsahau mtu mmoja. Nilipozisoma kwa mfuatano niligundua kwamba nilikuwa nimekusanya ushauri ule ule mara ishirini, kila mara kwa sauti ya mtu mwingine. Sijui nifanye nini na jambo hilo.

13. Daftari Kuukuu (mwanzisha uzi)

Ndugu Kalamu Mbili, pole, na asante kwa uwazi wako. Sidhani kama unahitaji nukuu ya ishirini na moja. Kama ningekuwa mimi, ningezinakili zote ishirini kwa mkono katika ukurasa mmoja, kila moja na tarehe ya picha, kisha ningeandika chini yake kile ambacho hakuna hata moja iliyokisema. Naamini kipo, kwa sababu kama mojawapo ingekisema usingeendelea kutafuta. Uandike kwa maneno yako, hata yakiwa mabaya, na usituonyeshe.

Nimejifunza mengi hapa, na nimekwisha kubadilisha daftari langu. Nimeongeza jedwali la ndugu Safu na Irabu, bila zile U, na nimeacha ukurasa wa kushoto mtupu kwa ajili ya mpinzani wa kila nukuu. Nimetenga pia kurasa kumi za mwisho kwa maneno ya watu wasio na vitabu. Ya kwanza humo ni ya viatu, na nimeandika kwamba niliisoma hapa, ili asije mtu miaka mia ijayo akaiwekea jina la mwanafalsafa.

14. Penseli Butu

Swali moja kabla uzi haujazama. Umetuacha nje ya chumba cha upasuaji tangu bandiko la kwanza. Aliyekuwa ndani alipona?

15. Daftari Kuukuu (mwanzisha uzi)

Alipona. Ni dada yangu, na wiki iliyopita nilimpelekea daftari la zamani nikamfungulia ukurasa ule. Alisoma methali, akasoma mistari yangu chini yake, akacheka pale niliposema siiamini, kisha akaomba kalamu. Chini ya mwandiko wangu ameandika hivi, kwa tarehe ya siku hiyo: "Mimi nilikuwa usingizini muda wote. Dhiki ilikuwa yako."